Usimwambie mtumiaji abadili kivinjari

"Tovuti hii hufanya kazi vizuri zaidi ukitumia Google Chrome." Sentensi hiyo bado naikuta kwenye mifumo ya kuomba ajira, ya udahili wa vyuo, hata ya malipo. Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na mteja akitaka niiandike, nakataa. Ukiiona mahali, ujue tu kwamba waliotengeneza mfumo ule waliujaribu kwenye Chrome, wakaishia hapo. Kazi iliyowashinda wanamtwisha mtumiaji.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Chrome toleo la 120, lililotoka Desemba 2023, linahitaji Android 8 kwenda mbele. Mwenye simu ya Android 7 akiambiwa "sasisha Chrome", hata awe na bando la kumwaga hawezi. Anaambiwa akanunue simu nyingine. Mwenye iPhone naye akipakua Chrome anapata injini (programu ya ndani inayosoma na kuchora ukurasa) ileile ya WebKit inayoendesha Safari, kivinjari cha Apple. Apple ilivitaka vivinjari vyote vya iPhone viitumie, na ilipolegeza sharti hilo mwaka 2024 ilizilegezea nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo ukurasa uliogoma kwenye Safari, huku kwetu utagoma na kwenye Chrome ya iPhone.

Halafu kuna vitochi vyenye intaneti, kama Smart Kitochi ya Vodacom Tanzania inayotumia KaiOS, mfumo endeshi wa simu za vitufe. Kivinjari cha KaiOS 2.5 kimejengwa juu ya Gecko 48, injini ya Firefox ya mwaka 2016, na Chrome ya kupakua humo hakuna. Mimi hupenda kupanga kurasa kwa grid ya CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa), yaani safu na mistari kama jedwali, lakini Firefox iliipata grid kwenye toleo la 52, Machi 2017, kwa hiyo kitochi hicho hakiijui. Ninachofanya ni kuandika kwanza mpangilio wa kawaida, vipande vikishuka kimoja chini ya kingine, kisha grid naiweka ndani ya @supports, sharti la CSS linalouliza kama kivinjari kina uwezo fulani. Kivinjari kinachoijua kinaitumia, kisichoijua kinapita. Kwenye kioo kidogo cha kitochi vipande kushuka hivyo ndiyo sawa kabisa, fomu inajazika na kitufe cha kutuma kinaonekana. Sikuuliza popote kivinjari kinaitwa nani.

Ndiyo hoja yangu: uliza uwezo, usiulize jina. Majina ya vivinjari yalishaharibika tangu miaka ya 1990, pale seva zilipoanza kuwapa kurasa zenye fremu (ukurasa uliogawanywa visehemu) wale tu waliojitambulisha kama Mozilla, yaani Netscape. Internet Explorer nayo ikajiita Mozilla ili isinyimwe, na waliofuata wakaiga. Leo Chrome ya Android ikibisha hodi kwenye seva inatuma mstari mmoja wenye majina Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko, Chrome na Safari. Kivinjari cha Vivaldi, kilichojengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, Desemba 2019 kiliamua kujitambulisha kama Chrome kwa sababu tovuti zilikuwa zinakifungia mlango kwa jina lake tu.

Korea Kusini waliyaona makubwa zaidi. Mfumo wao wa vyeti vya kidijitali vya kuthibitisha utambulisho wa mtu mtandaoni, uliopata nguvu ya sheria mwaka 1999, ulitegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft ya programu za nyongeza, na ActiveX ilikaa ndani ya Internet Explorer. Kwa miaka mingi raia hakuweza kufanya miamala ya benki mtandaoni bila kivinjari hicho kimoja. Vyeti hivyo vilipoteza hadhi yake ya kipekee Desemba 2020, na Microsoft ikaistaafisha Internet Explorer Juni 2022.

Kuna mahali nakubali kumwambia mtu ahame. Kiungo kikibonyezwa ndani ya Facebook, ukurasa hufunguka kwenye kivinjari cha humohumo ndani ya programu, na Google ilizuia watu kuingia kwa akaunti zake kwenye vivinjari vya namna hiyo mwaka 2021. Hapo naandika: "Bonyeza nukta tatu, kisha fungua kwenye kivinjari chako." Chochote alichonacho. Na pale ambapo uwezo fulani haupo kweli, nautaja huo na kutoa njia nyingine: "Kivinjari hiki hakiwezi kufungua kamera. Pakia picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu yako." Mtu anapakia picha, anaendelea na ombi lake.