Eti huku kwetu jua liko utosini mwaka mzima?

Utasikia "sisi tuko karibu na ikweta bwana, panda mboga popote tu". Si kweli. Kwa Dar jua la mchana linakaa utosini kabisa mara 2 tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba hivi, siku zingine limelala upande. Mwezi wa 6 linainama kaskazini karibu digrii 30, kwahiyo fensi ya mita 2 iliyojengwa mashariki-magharibi inatupa kivuli cha zaidi ya mita 1 upande wa kusini, na hiyo ni saa sita mchana, asubuhi na jioni ndo usiseme. Disemba jua linahamia kusini, kivuli nacho kinageukia kaskazini, kifupi zaidi, kama sentimita 60. Ndo maana tuta la nyanya kusini mwa fensi linanoga Disemba halafu Juni miche inarefuka myembamba na mtu analaumu mbegu (maskini muuza mbegu).

Na zile video za Ulaya za "panda upande wa kusini" achana nazo, kwao jua la mchana halivuki kwenda kaskazini.

Kabla ya kupanda, chomeka vijiti mwisho wa kivuli cha fensi saa tatu, saa sita na saa tisa, Juni na Disemba, uone kinafika wapi. Huna subira? Panda kwenye ndoo, utahamisha.