Kuikanyaga gari ya zamani ili ichome masizi: lini inasaidia, lini unaiua

Kwenye kitengo chetu cha ufundi magari swali hili linakuja kila mara, eti ni kweli gari ya zamani ukiipeleka barabara ndefu ukaikanyaga inachoma masizi na nguvu inarudi? Ni kweli, ila ina masharti, na wengi wanayaruka masharti wanakimbilia kukanyaga tu.

Injini ikiwa ya baridi inapewa petroli nyingi kuliko inayoweza kuiunguza vizuri, sasa gari ambayo kazi yake ni dakika tano inazimwa, dakika tano inazimwa, haifiki joto lake hata siku moja, masizi yanaganda kwenye plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli), juu ya pistoni, kwenye valvu za moshi. Plagi inajisafisha yenyewe lakini ncha yake lazima ifike kama nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi, na safari fupi haziifikishi huko. Dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi nayo ni hivyo hivyo, inataka safari ndefu ya moto.

Kupiga resi gari imesimama gia huru sio dawa, injini haina mzigo na kama oili bado nzito unasaga vyuma bure. Endesha kawaida kwanza kama dakika 20, maana mshale wa joto unasoma maji, oili inachelewa nyuma yake. Halafu kwenye barabara iliyo wazi, ndani ya spidi inayoruhusiwa, shuka gia moja, iache injini ya petroli izunguke kama 3,500 mpaka 4,000 kwa dakika, ukiwa unapanda mlima ndio vizuri zaidi, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Alama nyekundu usiisogelee. Kilomita za mwisho nenda taratibu, hasa kama ina tabo (turbo, ile pampu ya kusukuma hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi).

Lakini kabla ya yote hayo fungua boneti jamani, hapa ndio magari yanakufa na inaniuma kila nikiiona. Angalia oili, maji, mipira ya redieta, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Gari iliyozoea kutembea polepole miaka mingi inaficha udhaifu wake, siku unaikanyaga mpira unapasuka, maji yanamwagika, inachemsha, gasketi ya hedi inaungua, na ulikuwa unatafuta kutoa masizi tu. Na taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima achia pedeli ya mafuta hapo hapo, petroli isiyoungua inaenda kuunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Moshi wa bluu nao hauondoki kwa kukanyaga, hiyo ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimechoka, ukichoma masizi leo kesho yamerudi. Halafu kuna injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hizi valvu zake za hewa haziguswi na petroli kwa hiyo haziosheki, uchafu unaganda pale na hata ukimbie siku nzima haubanduki, lazima fundi afungue asafishe.

Ukirudi, injini ikipoa, toa plagi moja uiangalie. Kahawia au kijivu, sawa. Nyeusi kavu bado, angalia filta ya hewa imeziba au themostati imebaki wazi injini haipati moto. Nyeusi yenye oili, usirudie kuikanyaga, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.