Intonesheni si tyuni

"Gitaa hili halishiki tyuni." Utaisikia kauli hiyo kwenye mazoezi ya kwaya kule Majengo, Moshi, utaisikia kwa vijana wanaopiga kwenye hoteli za Arusha, na hivi karibuni nimemsikia fundi akimwambia mteja kwamba gitaa lake jipya la umeme ni bovu, aliuze tu kwa bei yoyote. Gitaa lenyewe lilikuwa linashika tyuni vizuri kabisa. Kilichotoka ni intonesheni, na ilitoka kwa sababu mwenyewe alivua nyuzi za namba 9, akafunga za namba 10, akatyuni, akaishia hapo.

Intonesheni ni usahihi wa sauti uzi unapobonyezwa. Tyuni inahusu uzi ukiwa wazi: unazungusha funguo za kichwani mpaka sindano ya tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti, isimame katikati. Intonesheni inauliza swali jingine: uzi huo huo ukiubonyeza kwenye freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni, ya 5, ya 9, ya 12, bado uko sawa? Na kushika tyuni ni jambo la tatu kabisa, maana yake uzi unabaki pale ulipouacha baada ya kupiga nyimbo kadhaa. Ni mambo matatu, yana dawa tatu tofauti, na sisi tunayaita yote kwa jina moja.

Namba za nyuzi kwanza, maana ndipo matatizo yanapoanzia. Tukisema seti ya namba 9 au 10 tunataja unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi. Namba 10 ni inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita. Tofauti na 9 inaonekana ndogo mno kuzungumziwa, lakini uzi mtupu wa chuma, usiozungushiwa waya, ukitoka 9 kwenda 10, kwa sauti ile ile, mvuto wake unaongezeka kwa karibu asilimia 23. Kwa seti nzima kwenye gitaa lenye urefu wa nyuzi wa inchi 25.5, kama Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, seti ya 9 hadi 42 (uzi wa kwanza 9, wa sita 42) huvuta shingo kwa takribani kilo 38. 10 hadi 46 hufika kama kilo 47. Hizo kilo za ziada haziendi hewani. Shingo inapinda mbele kidogo, nyuzi zinainuka kutoka kwenye freti, na kama briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, ni ile inayoelea juu ya springi, nayo inanyanyuka nyuma.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo kwa hesabu tupu uzi uliobonyezwa hapo ungetoa sauti ile ile ya uzi wazi, oktavu moja juu (noti hiyo hiyo, ila nyembamba zaidi). Lakini kidole kinapoushusha uzi hadi uguse freti, kinauvuta, na uzi uliovutwa sauti yake hupanda. Kadiri uzi ulivyo juu ya freti ndivyo kidole kinavyouvuta zaidi. Ndiyo maana briji ya gitaa la umeme ina vile vipande vidogo vya chuma vyenye skrubu kwa nyuma: unakirudisha kipande nyuma, uzi unarefuka kidogo, na ile sauti iliyopanda inashuka mahali pake. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na vipande sita, kila uzi na chake. Telecaster iliyoitangulia ilikuwa na vitatu, nyuzi mbili zikigawana kimoja, na wapigaji wake walizoea kukubaliana na hali hiyo. Gitaa kavu, lisilo la umeme, lina kipande kimoja kisichosogea, kwa hiyo mwenye gitaa kavu hana cha kuzungusha, hilo tuliache.

Ukitaka kuiona intonesheni kwa macho, angalia briji ya gitaa lililosetiwa vizuri kwa nyuzi za namba 10. Vile vipande havikai mstari mmoja. Cha uzi wa kwanza kiko mbele, cha pili nyuma kidogo, cha tatu nyuma zaidi. Halafu cha nne kinaruka kurudi mbele, na ngazi inaanza upya kurudi nyuma hadi uzi wa sita. Uzi wa tatu ndio msumbufu. Ni mzito lakini hauna waya wa kuuzungushia, ni chuma kitupu, na kati ya nyuzi tupu ndio wenye sauti ya chini kuliko zote, kwa hiyo ukibonyezwa sauti yake inapanda kuliko wenzake. Kwenye kwaya, mpiga kinanda akigeuka kumwangalia mpiga solo kwa jicho baya, mara nyingi ni uzi huo. Na mpiga solo anakimbilia funguo, anaulegeza, sasa uzi wazi uko chini na freti ya juu iko sawa, akirudi kwenye kodi ya G, ambapo uzi huo hupigwa wazi, mambo yanaharibika tena. Ataapa kwamba gitaa halishiki tyuni. Linashika sana! Ni yeye anayeitoa kila baada ya ubeti.

Mpangilio wa kazi una maana yake, na kuuruka ndiko kunakozaa lawama. Ukishafunga nyuzi mpya na kutyuni, anza na shingo: bonyeza freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki, robo mzunguko tu, utyuni, uangalie tena. Gitaa lililopanda basi kutoka Kariakoo hadi Arusha limetoka kwenye unyevu wa pwani na kuja kwenye mita 1,400 juu ya bahari, na mti wa shingo hujibu mabadiliko hayo. Lipe siku kadhaa litulie. Kisha springi za nyuma kama zipo, kisha urefu wa nyuzi juu ya freti. Intonesheni inakuja mwisho, kwa sababu kila ulichogusa kabla yake kinaibadilisha.

Hapo unatyuni uzi wazi, unaugusa juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, unaupiga na kusikiliza, halafu unaubonyeza freti hiyo hiyo kwa nguvu yako ya kawaida. Sauti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kipande nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukisogeza, tyuni upya. Usiifanye kazi hii kwa nyuzi zilizochakaa kwa jasho, hazitakubali.

Kweli, kuna gitaa ambalo halishiki tyuni, na kubadili namba kunaweza kulisababisha: uzi wa 46 ukibanwa kwenye mfereji uliochongwa kwa 42 pale mwanzoni mwa shingo, utasikia "tik" unapokaza, na ukivuta uzi kwa kidole hautarudi ulipokuwa. Huo mfereji upanuliwe kidogo kwa tupa nyembamba. Ila sindano ikirudi katikati kila mara uzi ukiwa wazi, na kukimbia pale tu unapobonyeza freti ya 12, mwambie fundi kwamba intonesheni imetoka. Ataanza na shingo, na bisibisi ya briji ataichukua mwisho.