Baiskeli, matope na baridi Lubumbashi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Watu wengi hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, wanaamini kinga, yaani baiskeli, ni ya watu wa makala tu, wale wanaobeba makaa ya kuuza. Nayasikia hayo katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, na mara nyingi anayeyasema amesimama kandokando ya barabara akingoja basi dogo ambalo likifika litakuwa limejaa. Ni kweli wabeba makala ndio wanaoonekana kuliko wengine: alfajiri, kwenye barabara ya Kasenga na ile ya Kipushi, wanasukuma magunia yaliyopangwa mpaka yakapita kichwa. Lakini tulia pale saa kumi na mbili asubuhi uwatazame wanaopita. Kuna fundi mwashi aliyefunga mwiko na pima maji nyuma ya kiti. Kuna mlinzi anayetoka zamu ya usiku, na mwalimu mwenye madaftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Mji wetu ulijengwa kuanzia mwaka 1910 juu ya uwanda ulioko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake hakuna milima ya kumkatisha mtu pumzi. Ukitoka Katuba au Ruashi kwenda mjini, hufikishi kilomita 10. Baiskeli ya kawaida, bila haraka, inakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Umbali basi hautushindi. Kinachotushinda ni njia zenyewe, na juu ya njia ndipo imani zisizo za kweli zimejaa zaidi.

"Mvua zikianza, baiskeli ipumzike"

Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa kumi na wa nne. Nusu ya mwaka! Mtu akiiweka baiskeli ukutani muda wote huo, amejinyima nusu ya faida yake. Na mvua zetu hazinyeshi kutwa. Nyingi zinakuja mchana au jioni, zinapiga kwa nguvu saa moja au mbili, kisha mbingu inafunguka. Asubuhi ya kwenda kazini mara nyingi ni kavu juu ya kichwa.

Shida ni maji yaliyobaki chini. Mvua ya jana imelala katikati ya njia kwa sababu haina pa kwenda, gari limepita ndani yake, na leo unakuta uji mwekundu. Kwa hiyo tukisema mvua imetuzuia, tunailaumu mbingu kwa kosa la mtaro.

"Wazungu wanaendesha kwa sababu hali yao ya hewa ni laini"

Hii ndiyo inayonigusa zaidi, maana inatufanya tuone kwamba mahali petu ndipo palipolaaniwa. Mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, uko karibu na nyuzi 65 za latitudo. Mwezi wa kwanza, wastani wa joto huko ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na jua linaonekana saa chache tu kwa siku. Hata hivyo watu wake wanaendelea na baiskeli, watoto wa shule wakiwemo, na mwaka 2013 mji huo ndio uliopokea kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji wa baiskeli wakati wa baridi kali.

Wanawezaje? Theluji ikianguka usiku, mashine za kukwangua zinapita kwenye njia kuu za baiskeli kabla watu hawajatoka kwenda kazini. København, mji mkuu wa Denmark, nao unazipa njia kuu za baiskeli nafasi ya mbele katika kusafisha theluji. Oulu hawaiondoi yote. Wanaacha tabaka jembamba lililoshindiliwa, ambalo hubaki gumu maadamu baridi haijalegea, kisha wanamwaga kokoto ndogo ili magurudumu yashike. Watu wa mbali hudhani dawa ya theluji ni chumvi, lakini baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri hivi, chumvi hupoteza nguvu yake nyingi. Na ikiyeyusha nusu nusu inaacha uji ambao ni mbaya kuliko theluji yenyewe.

Uji huo ndio adui wao mkubwa. Mchana joto linapanda kidogo, theluji inalainika, magari na watu wanapita wakiacha mifuo. Usiku baridi inarudi na ile mifuo inaganda kama chuma. Asubuhi gurudumu la mbele likiingia mle, halitoki, na mtu anaanguka. Sisi tunaujua ubaya huo vizuri sana, ila kwetu anayegandisha ni jua.

"Acha ikauke kwanza, ndipo tutengeneze"

Hapa nawaomba majirani zangu wanisikilize. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni laini, ukikauka unakuwa tofali. Lori likipita leo kwenye matope, mfuo unabaki. Jua la siku tatu likiupiga, mfuo huo unakuwa mgumu hata jembe linaruka. Kuanzia hapo baiskeli zote zinafuata mfuo ule, maji ya mvua inayofuata yanaufuata pia, na yanauchimba zaidi. Mpaka mwezi wa tatu umekuwa korongo.

Wakati wa kazi ni pale maji yamekwisha kusimama lakini udongo bado una unyevu: unaushika mkononi, unaukamua, unabaki kidonge bila kutoa maji. Mara nyingi ni asubuhi ya pili baada ya mvua kubwa. Wakati huo mtu mmoja mwenye jembe na reki anasawazisha urefu wa uzio wake kwa muda mfupi, na miguu ya wapita njia inamshindilia udongo bila malipo. Kazi hiyohiyo ikingoja kiangazi inataka sururu, maji ya kulowesha, na watu wengi.

"Shimo linahitaji kujazwa tu"

Tunajaza kwa nini? Majivu, takataka za nyumbani, vipande vya tofali, wakati mwingine chupa. Mvua moja inabeba vyote, na chupa zinabaki kungoja matairi. Shimo lililojaa maji halijazwi kabla maji hayajatolewa, kwa sababu udongo ukimwagwa juu ya matope unaelea na kuzama tena.

Fungua kwanza njia ya maji kutoka. Ondoa matope yote mpaka ufike udongo mgumu. Kata kingo za shimo zisimame wima, kwa sababu kingo zinazoteleza kama sahani huacha kiraka chembamba pembeni, na pale ndipo kinapoanza kumeguka. Kisha weka udongo mwekundu wenye changarawe, si ule wa bustani, kwa tabaka za sentimita 5 hadi 10. Nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa gogo zito, ndipo uongeze tabaka jingine. Malizia juu kidogo ya usawa wa njia, maana udongo utashuka. Udongo mkavu mtupu haushindiliki hata ukiupiga siku nzima. Punje zake zinataka unyevu ili zikae pamoja.

"Njia nzuri ni iliyo tambarare"

Tambarare ni kitanda cha maji. Njia ndogo ya baiskeli inataka kuinamia upande mmoja, sentimita 4 au 5 kwa kila mita ya upana, kuelekea kwenye mtaro. Huo ni mwinamo usiousikia ukiwa juu ya kiti, lakini maji yanausikia.

Mtaro nao usiishie hewani. Mitaro mingi ya mitaani kwetu inachimbwa vizuri mbele ya nyumba, halafu inafungwa na daraja la mbao la jirani au na udongo uliotolewa humohumo na kurundikwa ukingoni, ukateleza kurudi ndani. Pale penye nafasi wazi, fungua mdomo wa kutoa maji kila baada ya mita 20 au 30, yaende kwenye majani kabla hayajapata nguvu. Na usiulime mtaro mpaka udongo uwe mtupu, hata kama unapendeza macho. Kata majani, acha mizizi. Mizizi ndiyo inayoushika ukingo usiliwe.

Juu ya baiskeli yenyewe

Haya nitayapita upesi. Watu wanajaza upepo mpaka tairi liwe kama jiwe wakidhani ndiyo dawa ya kila njia. Kwenye mchanga wa kiangazi na matope mepesi, mtu asiye na mzigo apunguze kidogo, tairi lipate kutanuka na kushika. Mwenye magunia asijaribu: mpira wake wa ndani utabanwa kati ya jiwe na rimu, utoboke mara mbili kwa pigo moja.

Breki za rimu za chuma, na baiskeli zetu nyingi bado ni hizo, zinapoteza nguvu nyingi zikilowa. Gusa breki taratibu mapema ili mpira ufute maji kwenye rimu, ndipo ukamate. Mnyororo unaochuruzika mafuta ya injini hauna ulinzi. Kiangazi mafuta yale yanakusanya vumbi na kuwa kama msasa. Tia tone kwenye kila kiungo, zungusha, kisha pangusa nje pawe pakavu kwa kitambaa.

"Kiangazi hakina kazi"

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Lubumbashi zinauma. Kuna siku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na vidole vinakufa ganzi kwenye usukani. Soksi kuukuu juu ya mikono zinatosha. Jua nalo linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, na vumbi la magari linaficha mtu kabisa, kwa hiyo taa ni ya lazima kuliko koti.

Huo ndio msimu wa kukata majani ya mitaro, kuzibua midomo yake na kukusanya changarawe, ili mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ikute kila kitu tayari. Wengi wanasema ni kazi ya komini, yaani serikali ya mtaa, tusubiri greda. Barabara kubwa, ndiyo, na tuendelee kuidai. Lakini greda haliingii kwenye vijia vya kati ya nyua, na huko ndiko baiskeli nyingi zinakopita. Siku ya salongo, ile ya kazi ya pamoja ya usafi, tunafagia barazani na kuchoma taka. Saa moja ya siku hiyo ingetosha kwa mtaro wa avenye, yaani barabara ya mtaa, nzima.

Na mtakapopima upana wa kijia, msipime kwa baiskeli peke yake. Kwa anayeendesha, mita moja inatosha. Mtu wa makala haendeshi akiwa na mzigo. Anatembea kando ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo aliyoifunga nyuma. Mwachieni mita moja na nusu, na upande anaotembea usiwe ule wa mtaro.