Kesingi, yaani bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima cha mafuta, ikitoboka chini ya bahari, huzibwaje?

Wengi hudhani bomba bovu hung'olewa likashushwa jipya, au mzamiaji hutumwa akachomelee. Mzamiaji hana pa kupita: kesingi ya inchi 9⅝, ambayo ni ya kawaida sana, ina uwazi wa milimita 220 hivi, na tundu laweza kuwa kilomita mbili chini ya sakafu ya bahari.

Dhana ya kung'oa ni ngumu zaidi kuisahihisha kwa sababu nusu yake ni kweli. Kesingi imegandishwa kwenye mwamba kwa saruji, lakini mara nyingi saruji hiyo haifiki juu kabisa. Tundu likiwa juu yake, bomba hukatwa kwa visu vinavyozunguka ndani, kipande cha juu kikavutwa na kipya kikaungwa. Hata hapo, unga mzito wa baraiti uliotuama kutoka kwenye tope la kuchorongea (kimiminika kizito kinachozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga) huweza kulishika bomba hadi mtambo ushindwe kulivuta. Tundu likiwa ndani ya saruji, sahau kung'oa.

Basi kazi hufanyiwa ndani. Uvujaji mdogo kwenye maungio husindiliwa saruji, au resini, kimiminika kinachoganda kama gundi, pale chembe za saruji zinapokwama mlangoni mwa tundu. Uharibifu mrefu hufunikwa kwa bomba dogo zima. La inchi 7 hubakiza uwazi wa milimita 157 hivi, hasara ambayo hakuna fundi anayeifurahia.

Kati ya njia hizo mbili kuna kiraka. Kisima hutulizwa kwa maji mazito ya chumvi, kizibo huwekwa chini ya tundu, na bomba la uzalishaji, lile la ndani linalopitisha mafuta, hutolewa. Kifaa chenye vidole vya chuma hupapasa kuta. Vizibo viwili vya mpira, juu na chini ya sehemu inayoshukiwa, huthibitisha panapovuja. Kutu hukwanguliwa. Kiraka ni bomba la chuma cha milimita 3 hivi, lenye mikunjo ya wima ili lipite, lililozungushiwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowa gundi ya epoksi. Koni ikivutwa ndani yake kwa haidroliki, mikunjo hunyooka na epoksi hujaza mashimo ya kutu. Kesingi ikiwa imebonyea koni hukwama, hivyo hunyooshwa kwanza. Kwenye meli ya kuchoronga, bila kifidia mawimbi, kifaa kinachofuta mwendo wa meli, kiraka kingepanda na kushuka pamoja na bahari.

Ajabu ya kiraka hiki ni kwamba nguvu yake ina upande. Kilichobandikwa ndani ya tairi hugandamizwa na upepo wa ndani, na ukizidi kujaza ndivyo kinavyozidi kushika. Sukuma kutoka nje kupitia tundu lilelile, kinabanduka. Kwa kina cha mita 2,000, maji tu nyuma ya kesingi yaweza kukandamiza kwa takriban baa 200. Kwa hiyo kujaza shinikizo hakutoshi kuwa kipimo. La ndani hupunguzwa pia, ionekane kama kuna kinachoingia.

Tena, kufunika tundu si kuliondoa. Kwenye jukwaa la mafuta la Snorre A, Norwei, kesingi mbovu ya kisima P-31A ilikuwa imefunikwa kwa bomba la ndani. Novemba 28, 2004, bomba hilo likivutwa nje ili kuandaa uchorongaji mpya, lilifyonza gesi kuelekea juu. Gesi ikapenya kwenye kesingi mbovu na kububujika kutoka sakafu ya bahari, chini ya jukwaa lenye watu 216. Wengi walihamishwa kwa helikopta. Waliobaki walisukuma tope kisimani hadi kikatulia kesho yake.