Je, wajua kwa nini jumba la sinema likifa hugeuka kanisa, na si duka?

Makanga wa Nairobi bado wanaita "Globe", na abiria wengi wanaoshuka hapo hawajawahi kuona filamu katika sinema iliyoupa mzunguko ule jina. Barabara ya Thika kuna kituo cha Drive-In, ya Mombasa kuna Bellevue. Zote mbili zilikuwa sinema za kutazamia ndani ya gari. Majina yamebaki, sinema zimekwenda, na mazungumzo ya kuzililia huishia kwenye washtakiwa walewale wawili: televisheni iliua, makanisa yakarithi kwa sababu yana hela.

Maelezo hayo yanaingia akilini upesi mno, na hata watu wa majengo wameyarudia kwa miaka. Lakini yapangie tarehe uone. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, na kumbi za Nairobi zikaendelea kujaa miaka mingi baada ya hapo. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Televisheni ingekuwa ndiyo muuaji, sinema ya Majestic ya Vuga, Zanzibar, iliyofunguliwa 1955, ingezikwa zamani wakati kumbi za Dar zinachanua. Haikuwa hivyo: kumbi za Dar zilikuwa zimeshachoka kabla kituo cha televisheni cha ITV hakijawasha mtambo. Kanda za video ni kesi nyingine, na hapo lawama ina uzito, maana kibanda chenye deki moja na mabenchi sita kilionyesha filamu ileile kwa bei ya chini.

Shtaka la pili, kwamba makanisa yaliwazidi wengine kwa fedha, ndilo lililoenea zaidi na ndilo lenye makosa zaidi. Mara nyingi kanisa halikuanza kwa kununua. Lilianza kwa kukodi Jumapili asubuhi, saa ambazo ukumbi ulikuwa mtupu hata sinema ilipokuwa hai. Mwenye jumba alipata kodi ya viti ambavyo vingelala bure, waumini wakapata paa. Filamu zilipokoma, mpangaji alikuwa tayari ndani na funguo mkononi. Isitoshe, mwenye maduka, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye fedha nyingi zaidi mtaani, alikuwa ameshaingia, akatazama chini, akaondoka. Kilichomfukuza ni sakafu.

Sakafu ya sinema imeinama ili kichwa cha mtu wa mbele kisimzibe wa nyuma. Chukua ukumbi wa kawaida, urefu mita 30 na upana mita 18, wenye mteremko wa 1 kwa 12. Kutoka mlango wa nyuma hadi chini ya pazia unashuka mita 2.5. (Kumbi nyingi hazishuki kwa mstari ulionyooka. Hushuka zaidi nyuma, zikalala mbele, kwa hiyo hesabu hizi ni za kukadiria.) Simamisha rafu ya duka yenye kimo cha mita 2 juu ya sakafu hiyo, kisha shusha timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) kutoka ukingo wa juu. Kule chini uzi utakuwa mbali na rafu kwa sentimita 16 au 17. Weka chupa za mafuta ya kula na subiri mteja aguse moja. Kitoroli cha supamaketi kikiachwa kitashuka chenyewe hadi palipokuwa na pazia.

"Basi jaza kifusi, usawazishe." Ndilo wazo la kwanza la kila mnunuzi, kwa hiyo tulipigie hesabu. Shimo lina umbo la kabari: nusu ya 2.5 mara 30 mara 18, ni mita za ujazo 675. Kwa lori la kyubiki 5 hizo ni safari 135, nazo ni za udongo uliokwisha kushindiliwa. Udongo wa kwenye lori ni mlegevu, unapungua ukishindiliwa, kwa hiyo ongeza kama robo na ukaribie safari 170, kupitia mlango uliotengenezwa kwa ajili ya watu. Uzito wake ni zaidi ya tani 1,200.

Uzito wenyewe si tatizo kubwa ikiwa chini ni ardhi. Tatizo ni ubavu. Mimina kilo 25 za mchele kwenye boksi la karatasi, utaona pande zinatuna ingawa hakuna aliyezisukuma. Kitu cha chembechembe hakikandamizi chini tu, kinasukuma pembeni pia, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo msukumo unavyokuwa mkali kule chini. Kuta za ukumbi zilijengwa kubeba paa na kuzuia mwanga. Ukizirundikia mita 2.5 za kifusi upande mmoja huku upande wa pili ni uchochoro mtupu, unazigeuza kuwa kuta za kuzuia ardhi bila nondo wala msingi wa kazi hiyo. Ufa hutokea kwanza upande wa pazia, wa kulala, karibu na usawa wa kifusi. Mvua kubwa ikiingiza maji nyuma ya ukuta, msukumo unaongezeka. Na kuna kituko kimoja ambacho mafundi hukigundua wakiwa wameshachelewa: milango ya dharura iko pale mbele, pembeni mwa pazia, na sasa imefukiwa.

Njia safi zaidi ni kusimamisha nguzo kila mita 4 au 5 na kumwaga jamvi la zege juu, ukiacha uwazi chini. Jamvi la unene wa sentimita 15 kwa ukumbi wetu ni kyubiki 81 za zege, bado misingi ya nguzo, nondo na ngazi mpya. Ukishalipa hayo yote una ghorofa moja tambarare isiyo na dirisha hata moja, chini ya dari ya mita nane. Utataka kuweka ghorofa ya pili humo humo ili gharama irudi. Huwezi kuitundika kwenye paa, kwa sababu kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zinazovuka mita 18 bila nguzo zilipigiwa hesabu ya mabati na upepo. Ni kama mwavuli: unabeba kitambaa chake vizuri, lakini hakuna anayetundika gunia kwenye njiti zake.

Sasa mpe jumba hilo hilo mtu anayetaka watu 600 wakae wakitazama upande mmoja na kumsikia mmoja. Mteremko ni faida. Kukosa madirisha kunapunguza kelele za barabarani. Viti vipo, njia za katikati zipo, jukwaa ni kupandisha mbao futi tatu. Hata chumba cha projekta kinapata kazi ya fundi mitambo wa sauti. Kanisa linaingia kwa gharama ya rangi na spika. Si kanisa peke yake: sinema ya Shan ya Ngara, Nairobi, imekuwa Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi na maonyesho. London, ambako hakuna anayedai wachungaji ndio matajiri wa mji, Astoria ya Finsbury Park (1930) ilikuwa ukumbi wa muziki kabla ya kuwa kanisa, na Gaumont State ya Kilburn (1937), yenye viti kama 4,000, ilichezewa bingo hadi 2007 kabla ya kufuata njia hiyo hiyo. Tuwe waangalifu na mifano ya London, lakini: majengo hayo mawili yanalindwa kisheria, na mnunuzi asiyeruhusiwa kuvunja hana machaguo mengi.

Msikiti hupata shida zaidi, na sababu si ya kidini kwa maana watu wanayodhani. Safu na sujudu zinataka sakafu tambarare, na kibla hakijali pazia lilikuwa upande gani. Inawezekana kwa kazi ya ziada: msikiti wa Aziziye, Stoke Newington, ulikuwa sinema.

Kinachomaliza hata jumba lililopata mpangaji ni kiwanja. Sinema inakalia mita za mraba 1,000 kwa ghorofa moja. Jirani akijenga kumi na mbili, kila mwenye kikokotoo anaona kilichopo juu ya bati. Hapo sakafu haina tena la kusema, linakuja greda.

Sinema za magari hazikuwa hata na sakafu ya kuzitetea, zilikuwa ardhi tupu yenye matuta ya kuinua pua za magari. Ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1966 Msasani, ndiyo leo ubalozi wa Marekani. Baada ya mlipuko wa 1998, kanuni za Marekani za kuweka jengo la ubalozi mita 30 hivi kutoka mpaka wa kiwanja zilihitaji eneo kubwa lililo wazi, na sinema ya magari ni eneo kubwa lililo wazi.

Ukiingia jengo la zamani na kushuku lilikuwa sinema, usihangaike na kibao cha nje. Geuka utazame ukuta wa nyuma, juu. Tafuta matundu madogo yaliyopangwa mawili mawili: moja la mwanga wa projekta, jingine la jicho la mwendeshaji. Kwa kawaida mashine zilikuwa mbili, ili mkanda mmoja wa filamu ukiisha, baada ya dakika 20 hivi, wa pili ushike bila picha kukatika. Ukiona mabaki ya vifuniko vya chuma juu ya matundu hayo, vilikuwa vya kudondoka vyenyewe moto ukitokea, maana filamu za zamani za naitreti ziliwaka kama petroli. Wengi huyaziba kwa plasta, lakini plasta hiyo mara nyingi huonyesha alama, kwa sababu fundi aliziba upande wa ukumbini tu.