Chaja inaingia, lakini si yake: jimbo la New York na usalama wa betri za lithiamu

Januari moja, baada ya somo letu la usalama wa moto katika ukumbi wa kanisa mjini Syracuse, kaskazini mwa jimbo la New York, kijana mmoja alinisubiri mlangoni amepakata betri ya baiskeli yake ya umeme kama mtu aliyebeba mtoto. Kazi yake ni kupeleka chakula kwa wateja. Asili yake ni Uvira, Kongo, na anaishi na wenzake wawili wa kazi hiyohiyo. Betri ilikuwa inapata joto kuliko zamani, akataka niitazame.

Nikamwomba na chaja. Kibandiko cha betri kilisema 36V. Mgongoni mwa chaja paliandikwa 54.6V.

"Mama, inaingia muzuri," akaniambia, akaichomeka kunionesha. Kweli iliingia, wala haikulegalega. Nyumbani kwao chaja zote zinakaa kapu moja, na anayerudi wa kwanza huchukua iliyo juu.

Hesabu yake ni ndogo, na ningependa kila mwenye baiskeli ya umeme aifahamu. Betri ya volti 36, ya aina iliyozoeleka kwenye baiskeli hizi, ina seli kumi zilizopangwa mfululizo. Seli moja ikijaa kabisa hufika volti 4.2, kwa hiyo kumi ni 42. Namba 42 ndiyo inayotakiwa kuonekana kwenye chaja yake. Chaja ya 54.6 imetengenezewa betri ya volti 48, yenye seli 13. Ukiichomeka kwenye seli kumi, kila seli inasukumwa kuelekea volti 5.46. Betri iliyotengenezwa vizuri ina kibao cha elektroniki kinachokata umeme seli zikishajaa. Kwenye betri za bei ya chini kibao hicho mara nyingi ni hafifu, au kimeshaharibika, au aliyeifungua kuitengeneza amekiruka kwa waya. Usiku kucha, kando ya godoro la kijana yule, kilichozuia moto kilikuwa kibao hicho peke yake.

Seli yenyewe ni kijimrija. Aina iliyoenea sana ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndani kuna karatasi mbili za metali zilizopakwa kemikali na kuviringishwa pamoja kama mkeka, zikitenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na zote zimelowa kimiminika kinachowaka. Utando ukitoboka au ukiyeyuka, pande mbili zinagusana. Joto linapanda, kemikali zinavunjika na kutoa joto zaidi, na joto hilo linavunja nyingine. Hali ikifika hapo seli haihitaji tena umeme wa ukutani, hata ukichomoa plagi umechelewa. Moshi mweupe unaotangulia kutoka si mvuke. Umebeba hidrojeni, kaboni monoksidi na gesi nyingine zenye sumu, na ukijaa chumbani unaweza kulipuka. Kisha seli ya pili inashika, na ya tatu. Betri moja ya baiskeli ina seli 40, 50 au zaidi.

Mwaka 2020 jimbo la New York lilihalalisha baiskeli na skuta za umeme. Mwaka huohuo korona ilifungia watu ndani na kazi ya kupeleka chakula ikapanuka ghafla. Vyombo vilijaa barabarani kabla ya sheria yoyote kuuliza betri zake zimepimwa na nani. Kikosi cha zimamoto cha jiji la New York, FDNY, kilihesabu matukio 30 ya moto wa betri za lithiamu mwaka 2019. Mwaka 2021 yalikuwa 104, mwaka 2022 yakawa 220, na mwaka 2023 yakafika 268. Mwaka huo wa 2023 walijeruhiwa watu 150 na wakafa 18.

Novemba 2022, moto uliotokana na betri uliwaka ghorofa ya 20 ya jengo la East 52nd Street, Manhattan. Mwanamke mmoja alikuwa ananing'inia nje ya dirisha, na askari wa zimamoto wakamshusha kwa kamba. Juni 2023, muda mfupi baada ya saa sita usiku, duka la baiskeli za umeme lililo chini ya nyumba za watu mtaa wa Madison, Chinatown, lilishika moto na watu wanne wakafa. Duka hilo lilikuwa limeshakaguliwa na kutozwa faini mwaka uliotangulia. Mimi nikifundisha huwa narudia tukio la Madison kwa sababu waliokufa walikuwa wamelala vyumbani mwao juu, na moto ulitokea dukani.

Jiji ndilo lililotangulia kutunga sheria. Kuanzia tarehe 16 Septemba 2023, Sheria ya Jiji namba 39 inakataza kuuza, kukodisha au kupangisha baiskeli au skuta ya umeme, au betri yake, bila cheti cha maabara iliyoidhinishwa. Viwango vyenyewe ni vya UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa: cha baiskeli ni UL 2849, cha skuta ni UL 2272, na cha betri peke yake ni UL 2271. Namba hizi zinachosha, lakini ya kwanza ikumbuke: UL 2849 hupima betri, chaja, mota na nyaya zake vikiwa pamoja kama mwili mmoja. Betri nzuri yenye chaja ya kuokoteza haipiti hapo. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kiwango hicho.

Sheria ya jiji inaishia mpakani mwa jiji. Duka la Yonkers, Rochester au Buffalo lilikuwa huru kuuza kilichokatazwa Brooklyn, ndani ya jiji, na kitu hicho kingeweza kurudi Brooklyn kwa gari dogo siku ileile. Ndiyo maana hatua ya serikali ya jimbo ilikuwa na uzito. Julai 2024 Gavana Kathy Hochul alitia saini kifurushi cha sheria zinazogusa jimbo zima. Mojawapo inakataza kuuza betri za lithiamu za baiskeli, skuta na pikipiki ndogo za umeme zisizotimiza viwango vya usalama. Nyingine inamtaka muuzaji akupe kitabu cha maelekezo ya matumizi. Nyingine inamlazimu kufunga kwenye waya wa chaja lebo ya kukukumbusha uchomoe chombo kisipotumika. Ipo pia inayoitaka idara ya jimbo kuandaa mafunzo ya moto wa aina hii kwa vikosi vya zimamoto. Hiyo ya mwisho haikuzungumzwa sana, lakini miji midogo ya kaskazini inategemea zimamoto wa kujitolea, na wengi wao hawajawahi kukutana na betri inayowaka upya saa nyingi baada ya kuzimwa.

Je, imesaidia? Mwaka 2024 FDNY ilihesabu matukio 277, kwa hiyo moto wenyewe haukupungua. Waliokufa, hata hivyo, walishuka kutoka 18 hadi 6. Naamini tofauti hiyo imetoka zaidi kwenye elimu na ukaguzi kuliko kwenye sheria za uuzaji, ambazo zinahitaji miaka kabla betri mbovu zilizokwisha kununuliwa hazijatoka mikononi mwa watu. Sheria hizi zinamfunga muuzaji. Betri iliyonunuliwa 2021, ikauzwa tena kwa rafiki na sasa iko uvunguni mwa kitanda, haina afisa anayeijua. Serikali kuu nayo, kupitia tume yake ya usalama wa bidhaa, CPSC, iliwaandikia watengenezaji na waagizaji zaidi ya 2,000 mnamo Desemba 2022 ikiwahimiza wafuate viwango vya UL. Ulikuwa wito mzuri, lakini bidhaa inayoagizwa mtandaoni kutoka ng'ambo hadi mlangoni kwako haisomi barua.

Kwa jamaa zetu wa Kongo, Burundi na Somalia wanaoishi Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica, kuna jambo ambalo kampeni za jijini hazilisisitizi vya kutosha: baridi. Seli ya lithiamu inaweza kutoa umeme kwenye baridi, ingawa kwa kusuasua. Hatari iko kwenye kuichaji ikiwa imeganda. Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, lithiamu inayosukumwa na chaja haipati kuingia vizuri mahali pake ndani ya seli. Inajikusanya juu kama utando wa metali, na huweza kuota vijisindano vinavyoelekea kwenye ule utando wa plastiki. Siku hiyo hutaona lolote, na betri itajaa na kutembea kama kawaida. Ukirudia hivyo majira yote ya baridi, unajenga ubovu usioonekana. Ukirudi nyumbani saa nne usiku kutoka kwenye theluji, ingiza betri ndani, ipanguse maji, iache saa mbili au tatu bila kuigusa, kisha ndipo uchaji. Usiiweke juu ya hita ili iwahi kupata joto. Najua shifti ya asubuhi inakungoja, na saa hizo ni za kulala. Wenye uwezo wa kununua betri ya pili iliyoidhinishwa hukwepa shida hii. Asiye nayo, afadhali aichaji alfajiri ikiwa imeshapata joto la chumba, naye yuko macho.

Jimbo limekuwa pia na shughuli na betri kubwa, zile za makontena zinazohifadhi umeme wa jua na upepo. New York inalenga kuwa na hifadhi ya megawati 6,000 ifikapo 2030. Kati ya Mei na Julai 2023 vituo vitatu viliwaka moto, East Hampton, Warwick na Jefferson County, na Gavana akaunda kikosi kazi cha idara mbalimbali. Vipimo vya hewa, maji na udongo havikuonesha madhara kwa wakazi. Hata hivyo kikosi kilipendekeza masharti mapya, na baraza la jimbo la kanuni za ujenzi na moto likayapitisha Julai 2025: mradi upitiwe na wataalamu huru, ukaguzi ufanyike kila mwaka, zimamoto wa eneo wafundishwe, na mtaalamu wa kituo awe tayari kuitwa ndani ya dakika 15 na kufika ndani ya saa nne. Watu wengi huniuliza kuhusu makontena hayo kwa hofu, huku skuta ikichaji nyuma ya mlango wa kutokea. Mimi hofu yangu iko mlangoni hapo.

Tafadhali hamisha skuta hiyo leo. Chombo kikishika moto mlangoni, njia ya kutokea imekwisha. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni, na mbali na pazia, godoro na nguo. Ukinunua, tafuta alama ya maabara iliyogongwa kwenye chombo chenyewe, kwenye betri na kwenye chaja. Maneno ya tangazo kwamba bidhaa "inafuata UL" hayatoshi. Betri ikivimba, ikinuka kemikali, ikitoa sauti ya mvumo au ikiwa ya moto kuliko mkono unavyoweza kuvumilia, acha kuitumia. Moshi ukianza, usitafute mtungi wa kuzimia moto wala ndoo. Toa watu, vuta mlango ufunge nyuma yako, piga 911 ukiwa nje na useme ni betri ya lithiamu. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, sema "Swahili" na uombe mkalimani.

Betri zisizofaa hazitupwi kwenye pipa. Sheria ya jimbo ya 2010 inakataza kutupa betri za kuchaji pamoja na taka, na inawataka wauzaji wa betri hizo wapokee ndogo zilizotumika bila malipo. Ya baiskeli iliyovimba au kuungua ni suala jingine, usiipande nayo basi. Iweke nje, juu ya zege, mbali na ukuta, na uwapigie simu watu wa taka hatari wa kaunti yako.

Ya kijana yule tuliiweka nje ya ukumbi, juu ya saruji, na tukapiga simu hiyo. Wiki mbili baadaye alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni betri mpya na chaja yake, zote zina alama. Ya pili ni kapu lao. Kila chaja imezungushiwa utepe, nyekundu kwa 42 na kijani kwa 54.6, na nyuma ya kapu zimesimama betri tatu zenye utepe wa rangi hizohizo.